Mwenyekiti Hataki Picha

Benchi lenyewe ni ubao mmoja tu juu ya matofali, tena halina adabu: wa kushoto akinyanyuka ghafla, wa kulia anajikuta chini. Liko nje ya studio ya picha, pale kwenye kona ambapo lami inaishia na vumbi linaanza, na kila alasiri, jua likishahamia nyuma ya ukuta, wenyewe hujikusanya. Mwenye studio wanamwita Cheka Kidogo, maana hayo ndiyo maneno anayowaambia wateja tangu ajifunze kushika kamera: maharusi, watoto wa shule, hata wale wa picha za kitambulisho ambao hawaruhusiwi kucheka. Jirani yake wa upande mmoja ni Wembe, kinyozi. Wa upande wa pili ni Soli, fundi viatu, mtu wa methali, ingawa hakuna siku methali yake imewahi kuingia mguu unaoitosha. Halafu yuko Nasikia, muuza vocha, ambaye hajaona kitu kwa macho yake maisha yake yote ila kila kitu amekisikia. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale na ni shangazi wa wote, na sheria ya kijiwe ni moja: birika likiisha, kikao kimefungwa, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Chini ya ubao, kidevu juu ya miguu ya mbele, hulala mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja wima, moja limeanguka. Huyo ndiye Mwenyekiti. Alikuja mwenyewe, akajichagua mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumpinga.

Alasiri hiyo ukuta wa studio ulikuwa umejaa mbwa. Picha zao zilining'inia kwenye waya, zimebanwa kwa vibanio vya nguo: mbwa wa mwashi, mbwa wa bibi wa pale juu, mbwa wa mapacha aliyevalishwa tai. Mpango ulikuwa wa kijiwe kizima. Mwenye mbwa amlete apigwe picha safi ya studio, atie chochote alichonacho kwenye kopo, na kopo liende kwa daktari wa mifugo, mbwa wa mtaa wapate chanjo na Mwenyekiti atolewe uvimbe wa ubavuni. Uvimbe huo ulianza kama punje ya haragwe. Sasa ulikuwa kama yai, na alikuwa hawezi tena kulalia upande ule. Daktari alisema angefika siku hiyo, na watu wa mtaa wangekuja kutazama picha kesho yake. Katikati ya ukuta, pale pa heshima, palikuwa na vibanio viwili vitupu.

— Hebu nione, Wembe alisema, akichukua picha kutoka mkononi mwa Cheka Kidogo. Naona kiti. Naona mti. Mbwa yuko wapi?

— Hayumo.

— Na hii?

— Hayumo.

— Hii nyingine je?

— Hiyo ina mkia. Tazama hapo pembeni.

Wembe aliigeuza juu chini, akaisogeza karibu na pua.

— Huu ni ufagio wa Shangazi.

Na kweli ulikuwa ufagio wa Shangazi. Cheka Kidogo alizikusanya picha zake akaziweka mapajani, kifudifudi. Mbwa wote wa mtaa alikuwa amewaweza, wakali kwa waoga. Wote, bila kubakiza hata mmoja, walikuwa wameuinulia mguu ule mti uliochorwa kwenye pazia la studio, mpaka rangi ya shina ikabadilika, lakini picha walipigwa. Huyu mmoja ambaye shughuli nzima ni yake ndiye aliyemshinda.

— Sasa kesho watu watakuja kumchangia mbwa, wewe unawaonyesha kiti, Wembe aliendelea. Watadhani kiti ndicho kinaumwa.

— Wataleta gundi, Soli akasema.

— Nyie chekeni tu. Mtu hamhurumii asiyemwona, Cheka Kidogo akasema. Bila uso wake pale katikati, kopo litakuja kujaa mwakani.

Shangazi alimimina kahawa, akamkabidhi kila mtu kikombe chake bila kuuliza ni cha nani.

— Mimi najua tatizo, Wembe alisema. Ni nywele. Mwanamume akiwa hajanyolewa hapendi kupigwa picha. Nileteeni hapa nimpunguze pembeni, nimchonge na shingo, muone kama hatajileta mwenyewe.

— Ulivyomnyoa yule wa mwashi?

— Yule alitikisika.

— Ametoka na sikio la sungura, maskini.

— Nimesema alitikisika!

Soli alinywa kahawa, akakohoa kikohozi chake cha methali. Wote wakasubiri.

— Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Ndiyo maana analala chini ya benchi. Anatungoja sisi.

— Hiyo inahusu nini na picha?

— Inahusu. Fikiri.

— Na ule mti? Mbona huo anauheshimu, wenzake wote wameunyeshea?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Soli akajibu papo hapo. Yeye amesikia. Haliinui, anaogopa litavunjika.

Shangazi alicheka mpaka akaweka birika chini. Mwenyekiti alifungua jicho moja, akapiga mwayo mrefu wenye sauti mwishoni.

— Mwenyekiti anaomba utulivu, Wembe akasema.

— Ninyi hamjui ni nani analala hapo chini, Nasikia akaanza, sauti chini, akitazama huku na huku kama mtu aliyebeba siri ya nchi. Nasikia huyu alikuwa mbwa wa polisi. Si polisi wa kawaida. Kitengo. Hao hawapigwi picha, ni amri. Akipigwa picha tu, kazi imeharibika.

— Polisi gani anaogopa kuku?

— Kuku ni kisingizio, kaka. Anajifanya.

— Jana kifaranga kilimfukuza hapa mpaka kwenye mtaro!

— Ndiyo ujue alivyofundishwa vizuri.

— Au ana mke wa pili upande ule wa sokoni, Wembe akadakia. Picha ikibandikwa hapa, yule wa huku ataiona, yule wa kule ataletewa habari. Mimi namwelewa kabisa.

— Unamwelewaje kabisa? Shangazi akauliza.

Wembe aliingiza uso wake kwenye kikombe.

— Hayo yote madogo, Nasikia akasema, na sasa akasogea mbele mpaka ubao ukalia. Nasikia kulikuwa na tajiri. Hana mtoto, hana ndugu anayempenda. Alipofariki, wosia ukasomwa: ghorofa lote kamwachia mbwa. Mbwa wa rangi ya mchanga. Sikio moja limeanguka. Ndugu wa marehemu wanamsaka kila mahali. Sasa wewe umwanike ukutani?

Hata Soli aliinama akachungulia chini ya benchi.

— Ghorofa gani?

— Hilo hilo la kona.

— Lenye duka la Wembe? Loo! Kumbe mwenye nyumba wako ndiye huyu, Wembe! Mwamkie mzee!

— Na kama ana ghorofa, Shangazi akasema, mbona anakula makombo yangu?

— Amejificha, Shangazi. Tajiri mwerevu hajionyeshi.

Cheka Kidogo alikuwa akicheka nao, lakini jicho lake lilikuwa kwenye vibanio vile viwili. Wembe akamwona. Kinyozi huona vichwa vya watu siku nzima, na hajui kuacha kichwa kilichotulia.

— Au anakuogopa wewe, bwana. Amesikia habari za mwenzake aliyemtangulia.

— Acha hayo.

— Siachi! Nasikia, wewe ulikuwa hujahamia. Huyu alifiwa na mbwa. Alilia humo ndani, mtaa mzima tukaja. Watu na makoti yao, kina mama wamejifunga khanga viunoni, Soli akaleta viti. Tunauliza, marehemu ni nani? Tunaambiwa, ni yule mweusi.

— Mimi nilibaki, Soli akasema. Nilikuwa nimeshabeba viti.

— Ukasema na methali kaburini!

— Nilisema, mchimba kisima hakatazwi maji.

— Basi tangu siku hiyo bwana mkubwa ameapa, Wembe alimalizia. Mbwa kwake mwisho. Na watoto wake walishaondoka, na mama watoto ameenda kumlea mjukuu, yumo humo ndani peke yake na pazia lake.

— Nimeapa na sijutii, Cheka Kidogo akasema. Huyu si mbwa wangu. Mimi nina benchi, yeye amelikuta. Namsaidia kama ninavyomsaidia mtu yeyote wa mtaa.

Aliyasema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Picha ya yule mweusi ilikuwa bado juu ya meza ya studio, nyuma ya kopo la kalamu, na kila jioni alipofunga mlango alimfungia Mwenyekiti usoni, kisha akasimama kidogo upande wa ndani akisikiliza kucha zikijitafutia mahali pa kulala kizingitini. Hakuwa na chuki naye. Alikuwa anaogopa. Mtu aliyekwisha kulia kiasi kile kwa ajili ya mbwa, mbele ya watu waliovaa makoti, hataki tena.

— Twende mara ya mwisho, alisema, akisimama, na Nasikia aliyekuwa mwisho wa kulia akaanguka chali. Kabla daktari hajafika. Wote ndani.

Wakaingia. Wembe alimchana Mwenyekiti kwa kitana chake cha kazini, akaapa atakichemsha. Soli alileta kiatu kipya kinacholia kila kikikunjwa, cha kumsimamisha masikio. Nasikia alipewa kazi ya kulia kama paka nyuma ya pazia, na akalia vizuri mno, mpaka paka wa kweli akamjibu kutoka uani. Mwenyekiti alipanda kitini bila kusukumwa. Akakaa wima, kifua mbele, kama kiongozi anayesubiri kuapishwa.

— Ona! Ona heshima hiyo! Piga sasa, piga!

— Msipige kelele, Cheka Kidogo akanong'ona. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kamera, akainama, akafumba jicho moja.

Aliona kiti. Aliona mti wenye shina la madoa.

Kisha akasikia kitu cha moto kimemkalia mguu.

Kicheko kilichotokea humo ndani kilisikika mpaka kwa muuza mkaa. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya kamera, chini ya goti la mpiga picha, anatazama kule kule anakotazama yeye, ametulia kabisa. Walirudia. Alipanda, akakaa, na mara tu Cheka Kidogo alipofika nyuma ya kamera, naye akashuka akamfuata. Walirudia tena, na tena, mpaka paka wa uani akachoka kujibu.

— Samaki mkunje angali mbichi, Soli akasema. Huyu ameshakaangwa.

— Hodi humu ndani, sauti ikasema mlangoni. Shikamooni.

Alikuwa daktari, msichana mdogo mwenye buti za mpira na mkoba uliokwaruzwa, na nywele zake zilikuwa na unyasi mmoja wa zizi alilotoka.

— Marahaba, mwanangu, karibu, Shangazi akajibu kwa niaba ya wote, na akammiminia kikombe.

Walitoka nje. Daktari alichuchumaa, akapitisha vidole ubavuni mwa Mwenyekiti taratibu. Mbwa alitetemeka lakini hakunguruma. Macho yake yalikuwa kwa Cheka Kidogo.

— Daktari, Nasikia akaanza, kuna habari za wosia unapaswa kuzijua...

— Nyamaza wewe, Shangazi akamkata.

Daktari alilitikisa kopo, akalifungua, akatazama ndani na kutabasamu.

— Inatosha, alisema.

— Inatosha nini?

— Yeye na chanjo za wenzake wote. Hata picha ya kesho si lazima. Watu wa huku mna moyo. Nileteeni asubuhi akiwa hajala.

Basi hapo kelele! Wembe alimkumbatia Soli, Soli akamkumbatia Nasikia, benchi likainuka upande mmoja na kushuka upande mwingine. Cheka Kidogo alitoa lenzi mfukoni akaipangusa, ingawa ilikuwa safi tayari.

— Swali moja tu, daktari akasema, akinywa kahawa. Akitoka kwangu, atalala kwa nani?

Alipitisha kidole ubavuni mwa mbwa.

— Kidonda kitakuwa kirefu, kutoka hapa mpaka hapa. Hatakiwi vumbi, hatakiwi mvua, asijilambe. Usiku atalia, atataka mtu. Kwa hiyo nauliza, kwa nani?

Mtaa uliokuwa na majibu ya polisi, ya wake wawili na ya ghorofa ukakosa jibu la hilo. Wembe ndiye aliyeanza.

— Kwangu ningempokea leo leo. Ila nywele, daktari. Nywele na kidonda haviendani.

— Kwangu kuna gundi, Soli akasema. Akilala ataganda. Na wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe atalishika na nini?

— Mimi, nasikia mke wangu hapendi mbwa.

— Unasikia au unajua?

— Nasikia kila siku.

— Nina paka watatu, Shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akicheka. Watamla huyu mzee, wanangu. Mmemwona na kifaranga.

Daktari aliweka kikombe chini.

— Mimi simpasui mbwa halafu nikamrudisha chini ya benchi. Ni kumwua kwa njia ndefu. Kama hana pa kulala, tutampa chanjo na wenzake, na uvimbe tumwachie tu.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma. Macho yote yalianza kumwendea Cheka Kidogo, kisha yakaona haya, yakaenda ukutani.

— Utautoa wote? Cheka Kidogo akauliza.

— Wote ninaouona.

— Hautarudi?

— Hilo siwezi kukuapia, mzee. Umri wake umekwenda. Anaweza kukaa na ninyi miaka. Anaweza kukaa kidogo tu.

Cheka Kidogo alitikisa kichwa kukubali. Alizichukua zile picha alizokuwa ameziacha benchini, akazigeuza moja moja. Kiti kitupu. Kiti kitupu. Kiti na ufagio. Watu wamezikejeli alasiri nzima, na yeye pia amezikejeli, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbwa alikuwa wapi wakati huo. Alikuwa miguuni pake. Katika kila moja, alikuwa miguuni pake.

Shangazi aliinamisha birika. Likatoa tone, likatoa jingine, likakoma.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Sheria ni sheria, lakini hakuna aliyenyanyuka.

— Shangazi, Cheka Kidogo akaita kutoka mlangoni. Njoo humu. Njooni wote.

Alimsimamisha Shangazi nyuma ya kamera, akamwekea kidole chake mahali pake.

— Nikikaa, bonyeza hapo. Basi.

— Mimi? Nitaiharibu mashine ya watu!

— Haiharibiki.

Akaenda akakaa kwenye kiti. Miaka yote aliyowakalisha watu pale hakuwahi kukijua kiti hicho, na sasa alikiona ni kigumu, na taa ni kali, na mikono haijui iende wapi. Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu na kamera. Alimtazama Shangazi. Akanusa mguu wa stendi, pale ambapo kwa kawaida kuna kiatu anachokifahamu. Kisha akageuka, akavuka sakafu yote polepole akiutunza ubavu wake, akafika, akakaa katikati ya magoti ya Cheka Kidogo. Akatazama mbele.

— Cheka kidogo, baba, Shangazi akasema.

Alijaribu. Kidevu kilimkataa. Alishusha uso, akaweka mkono juu ya kile kichwa cha rangi ya mchanga, na Shangazi akabonyeza wakati huo huo.

Ndiyo picha iliyobanwa kwenye vile vibanio viwili, na mpaka leo iko. Mbwa anatazama kamera waziwazi, sikio moja wima, moja limeanguka, bila wasiwasi wa polisi wala wa urithi. Mwanamume hatazami kamera kabisa.

— Daktari, Cheka Kidogo aliuliza, akiwa bado kitini, hajainua uso. Hicho kidonda kinaoshwa na maji ya moto au ya vuguvugu?

— Ya vuguvugu, mzee. Na chumvi kidogo.

— Chumvi ipo.

Wembe alijikuna shingo. Nasikia, kwa mara ya kwanza, hakuwa amesikia lolote. Soli akakohoa kile kikohozi chake, na wote wakajiandaa kumcheka.

— Mbwa hafi maji akiona ufuko, akasema.

Walimtazama, wakaitafuta kasoro ya methali hiyo, wakaikosa.